Mbolea ya ruzuku: nani anaipata, nani anarukwa

Nilisajiliwa lakini meseji ya mbolea haijaja. Nifanyeje?

Swali hili linarudi kila msimu, na karibu kila anayeuliza hasemi alisajiliwa kwa namba gani. KIAMIS, daftari la kidijitali la wakulima wa Kenya, hutuma ujumbe wa kukuruhusu kuchukua mbolea ya ruzuku depo, yaani ghala inakotolewa, kwa namba iliyoandikwa siku ya usajili, si kwa laini uliyonunua baadaye. Nenda kwa chifu au afisa wa kilimo wa wadi na kitambulisho halisi, akutafute kwa namba ya kitambulisho. Akusomee namba ya simu, zao unalolima na ekari. Usiondoke kabla ya kusikia ekari, maana hapo ndipo wadogo hupunjwa na wakubwa huongezewa.

Kuna mtu ananunua meseji zetu za mbolea. Ni sawa?

Hapana. Unamuuzia dalali mavuno yako.

Nimekodi ekari mbili za mahindi. Ruzuku ni yangu au ya mwenye shamba?

Ni yako, wewe unayelima. Tatizo ni kwamba mwenye shamba huenda alishaandikisha ekari hizo hizo kwa jina lake. Akiachwa hivyo, atapata mifuko asiyoihitaji, kisha akuuzie wewe kwa bei ya dukani. Kabla hujalipa kodi, mwende wote wawili kwa chifu, ekari zitolewe kwake ziingie kwako. Hesabu ya kawaida kwa ekari ya mahindi ni mfuko mmoja wa kilo 50 wa kupandia na mwingine wa kukuzia. Ekari mbili basi ni mifuko minne, yaani Sh10,000 kwa bei ya Sh2,500 iliyoanza 2023. Karani akitaka zaidi ya hapo, dai risiti.

Mume wangu alifariki, na meseji bado zinaingia kwenye simu yake.

Pole, mama. Usizitumie, ukifika depo utaulizwa kitambulisho chake. Mwambie chifu aondoe jina la marehemu na akusajili kwa kitambulisho chako na ekari unazolima. Akikudai hati miliki au karatasi za mirathi, mwombe akuonyeshe palipoandikwa hivyo. Wanawake ndio wanaopalilia, lakini madaftari yamejaa majina ya wanaume, na wengine wao wako mjini.

Jirani ana nusu ekari lakini ametoka depo na mifuko kumi. Naweza kuiona orodha?

Kabla ya kumwita mwizi, ulizia kama amekodi shamba kwingine. Orodha yenyewe unaweza kuidai, na natamani kila kijiji kiidai. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na sheria ya 2016 ya upatikanaji wa habari inakubali ombi la Kiswahili.

Barua ya "nataka orodha ya wakulima" itatupwa. Taja lokesheni, msimu na unachotaka: jina, ekari zilizosajiliwa, mifuko iliyotolewa, depo na tarehe. Andika wazi kwamba huhitaji namba za simu wala za vitambulisho, kwa sababu ofisi hukimbilia sheria ya 2019 ya kulinda data ili kuficha orodha nzima. Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri wenye tarehe urudi nayo. Wana siku 21 za kujibu. Wakinyamaza, mpelekee nakala hiyo Ombudsman, anayepokea malalamiko dhidi ya ofisi za serikali.

Orodha ingesomwa barazani kabla ya mbolea kufika depo, ekari za hewa zingekufa papo hapo. Wanakijiji wanajua nani analima wapi.

Nitajuaje mbolea si feki?

Kwa macho hutajua. Mwaka 2024 mifuko isiyofikia kiwango iliuzwa ndani ya mpango huu huu, na wengi walishtuka mahindi yalipokwama. Kagua mshono, pima kilo 50, piga picha ya lebo na namba ya toleo. Kisha weka nusu kilo ya mbolea hiyo kwenye karatasi safi ya nailoni, uifunge pamoja na risiti hadi uvune. Ukishatupa mfuko na risiti, hutakuwa na la kuonyesha fidia ikitangazwa.