Nyimbo za Syd Barrett zilizoachwa nje

SWALI: Mhariri, shikamoo. Marehemu baba, aliyekuwa fundi redio, alituachia kaseti ya Syd Barrett, mwanamuziki wa Uingereza. Katika wimbo mmoja mwimbaji anakosea, anakatiza, anazungumza kidogo, kisha anaanza upya. Je, kaseti ni mbovu? Na ni kweli kwamba nyimbo zake nyingine zilifichwa?
Msomaji, Majengo, Moshi

JIBU: Marahaba. Kaseti ya marehemu ni nzima. Wimbo huo ni "If It's in You", uliorekodiwa Julai 1969, na kukosea kwake kuliachwa kwa makusudi katika albamu "The Madcap Laughs", iliyotoka Januari 1970. Nimeusikiliza tena hapa Arusha kabla ya kukujibu, na bado naona kwamba waliotayarisha albamu walimkosea heshima, kwa kuwa kijana huyu, aliyeanzisha bendi ya roki ya Pink Floyd na kuachana nayo mwaka 1968 afya ya akili yake ilipoyumba, alikuwa na kazi bora zaidi iliyokwisha kurekodiwa.

Kazi hiyo ni rekodi ya wimbo "Opel", ya Aprili 1969. Haikufichwa, iliachwa tu nje ya albamu, ikabaki katika kanda za kampuni hadi 1988, ilipotolewa pamoja na masalia mengine. Ina sauti na gitaa pekee, na nadhani ndivyo alivyostahili kusikika. Katika baadhi ya nyimbo za albamu, wanamuziki wa bendi ya Soft Machine walilazimika kuongeza ngoma na vyombo vingine juu ya gitaa alilokwisha kulirekodi, huku wakibahatisha mstari ungeishia wapi, kwa sababu leo aliurefusha na kesho akaufupisha.

Albamu ya pili, "Barrett", ilitoka Novemba 1970, na hapo safari yake ya peke yake ikakoma. Mwaka 1974 alirudishwa studio za Abbey Road, akapiga gitaa siku chache bila kuimba, kazi ikaachwa. Wimbo mwingine ulioachwa nje, "Bob Dylan Blues", aliourekodi 1970, ulitoka 2001. Kanda ya wimbo huo ilikuwa kwa rafiki yake David Gilmour, mpiga gitaa wa Pink Floyd. Barrett alifariki Julai 2006, mjini Cambridge alikozaliwa.

Ukiipata "Opel", zima kelele zote nyumbani. Ni dakika sita na ushee, na karibu na mwisho anarudia maneno yale yale ya kumtafuta mtu, sauti ikipanda kidogo kila mara, gitaa halimwachi.