Boksi Kubwa Ndilo Lililokutoza, Si Mizani

Dada yangu, umeeleza kwamba leso zako za kilo 4 kutoka Mombasa kwenda Uingereza zilitozwa kilo 16, nawe unashuku mizani. Kampuni nyingi za kusafirisha vifurushi kwa ndege huzidisha urefu, upana na kimo kwa sentimita, hugawanya kwa 5,000 kupata kilo za ukubwa wa boksi, kisha hutoza kilo hizo au uzito wa mizani, ulio mkubwa zaidi. Ndiyo sababu boksi lako la 50 kwa 40 kwa 40 lilihesabiwa kilo 16. Leso hazivunjiki, kwa hiyo zikunje bapa uzibane katika boksi la 40 kwa 30 kwa 15, linalotoa kilo 3.6, nawe utalipia uzito halisi. Mimi hupima ukubwa wa boksi baada ya kubandika utepe, kwani boksi lililotuna hupimwa pale lilipotuna. Vyombo vya udongo, tafadhali, usivibane hivyo. Muulize wakala kigawanyo chao, yaani namba wanayogawanyia kama hiyo 5,000, kabla hujanunua maboksi mengi.