Swali la lugha: "kuua mionzi" ya udongoni

SWALI: Nafasiri kijitabu kuhusu udongo uliochafuliwa na mionzi. Nimeandika: "Udongo huchanganywa na saruji ili kuua mionzi, kisha hutupwa." Mhariri kaurudisha una alama nyekundu tatu: kwenye "kuua", "mionzi" na "hutupwa". Nimekosea wapi? (Mfasiri, Tanga)

JIBU: Ndugu yangu, alama mbili ni halali. Ya "mionzi" naona mhariri kazidisha kidogo. Mwonzi ni mwale, na mwale hauchoteki kwa chepeo. Kinachokaa udongoni ni dutu inayoutoa. Hata hivyo watu wote husema "udongo wenye mionzi" na wanaelewana. Ila ukifika kwenye kitenzi kama kuzika au kufungia, taja dutu yenyewe.

Kosa zito ni "kuua". Vijidudu huuawa, dutu hizi haziuawi na saruji wala moto. Plutoniamu-239, mojawapo ya dutu hizo, huchukua miaka 24,100 kupungua nusu. Kinachofanyika ni kuizuia isitembee na maji, vumbi au mizizi, na hapo Kiswahili kina vitenzi vya kutosha.

Nakipenda zaidi "kugandisha", maana kuganda kuna sura mbili: maziwa huganda yakawa mazito, na ruba humganda mtu asibanduke. Zote mbili zilikuwapo Maralinga, Australia, ambako majaribio ya silaha za nyuklia ya Waingereza yaliacha plutoniamu ardhini. Miaka ya 1990 wasafishaji walichomeka elektrodi (vijiti vya kupitishia umeme) kwenye mashimo ya taka hizo, wakapitisha umeme hadi udongo ukayeyuka, ukapoa ukawa bonge la kioo lililoigandisha plutoniamu ndani. (Machi 1999 shimo moja lililipuka kazi ikiendelea. Mbinu ikaachwa, zilizobaki zikafukiwa.)

Kwa sesiamu-137, dutu nyingine yenye mionzi, ningeandika "kunasa". Yenyewe hujipenyeza katikati ya vitabaka vya udongo wa mfinyanzi ikanasa humo, kama ndege kwenye ulimbo. Ndiyo maana baada ya ajali ya kituo cha nyuklia cha Fukushima, Japani, ya 2011, mashambani ilitosha mara nyingi kukwangua sentimita tano hivi za juu. Sesiamu ilikuwa haijashuka.

Saruji yako sasa: hiyo "hufungia".

Na "hutupwa"? Tunatupa maganda ya ndizi, tukageuka tukaenda zetu. Udongo huu hupewa uzio na walinzi. Wa Maralinga "ulizikwa", haurudi juu. Wa Fukushima "unahifadhiwa" tu, kwani sheria ya Japani inataka uwe umehamishiwa nje ya mkoa huo ifikapo 2045. Angalia kijitabu chako kinazungumzia hali ipi.

Kama ni ya kwanza, mrudishie mhariri hivi: "Udongo huchanganywa na saruji ili kufungia dutu zenye mionzi zisisambae, kisha huzikwa."