Usinunue kabati, nunua bodi

Swali la wiki: anayetafuta vani ya kulala safarini iliyokwisha kutumika akague nini kabla ya kulipa? Nyingi zinazouzwa Kisumu na Nakuru ni Toyota HiAce zilizogeuzwa na mafundi wa mbao, na mtego uko hapo hapo. Kitanda kipya na kabati linalong'aa huficha bati lililooza.

Anza na maji. Kila tundu lililotobolewa paani kwa ajili ya feni au paneli ya sola ni mlango wa mvua, hasa kama lilizibwa kwa silikoni ya bafuni, ambayo huachia gari linapotikisika. Mwagia paa maji kwa mpira dakika kumi, kisha ingia ndani, inua godoro na ubonyeze mbao za pembeni kwa kidole gumba. Zikibonyea, zimeoza, na bati la nyuma yake huenda lina kutu. Lala chini ya gari pia, ugonge chesisi kwa bisibisi. Magari ya Mombasa hupigwa na chumvi ya bahari, na yaliyotoka sehemu za theluji Japani hupigwa na ile inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu.

Jua pia kama ilikuwa matatu. Vua mpira wa mlango na utazame nyuma ya vitasa: manjano chini ya rangi mpya huenda ni mabaki ya mstari uliolazimishwa kwa matatu kuanzia Februari 2004. Matundu ya boliti za viti sakafuni nayo husema. Matatu si dhambi, ila kilomita zake usiziamini kamwe.

Injini iwashwe ikiwa baridi kabisa. Ukikuta muuzaji ameshaipasha moto, rudi kesho. Kwenye injini ya dizeli ya Toyota iitwayo 1KD, washa za shaba chini ya injekta zikivuja, masizi huingia kwenye oili na kuziba chujio ndani ya sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini. Injini hukosa oili ilhali kijiti cha kupimia kinaonyesha imejaa! Kwa hiyo dai sampu ifunguliwe, hata kama fundi atalipwa na wewe. Kisha ipandishe mlima, kama ule wa Riat kule Kisumu, ikiwa na mzigo. Moshi wa buluu ni oili inayoungua. Mweupe usiokoma, huku maji ya rejeta yakipungua, ni gasketi ya silinda hedi.

Umeme ni hesabu tu. Betri ya kawaida ya risasi, ya volti 12 na Ah 100 (ampea-saa), isishushwe chini ya nusu, kwa hiyo inakupa takriban Wh 600 (wati-saa). Friji ya W 45 inayofanya kazi nusu ya muda hula Wh 540 kwa siku. Pima volti kwenye betri, kisha kwenye friji ikiwa inanguruma: tofauti ikizidi nusu volti, waya ni mwembamba au viungo ni vibovu. Fyuzi iwe karibu na betri.

Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, hivyo kabati la mtungi lazima liwe na tundu sakafuni la kutokea nje. Paka viungo vya mpira wa gesi povu la sabuni uone kama vinavuja.

Mwisho, linganisha namba ya chesisi iliyogongwa kwenye chuma na ile ya logibuku. Kama logibuku bado inasema abiria 14 na ndani kuna kitanda, muuzaji ayarekebishe hayo kwa NTSA, mamlaka inayosajili magari, kabla ya kukuhamishia umiliki, maana bima inaweza kukataa kukulipa.