Jibu: Msusi wangu anakaza sana, nimwambieje?

Mdogo wangu, umeuliza umwambieje msusi wako wa Majengo kwamba anakaza mno bila kumuudhi. Mwambie akiwa bado kwenye mstari wa kwanza, usisubiri ufike nyumbani. Mimi nilinyamaza karibu mwaka mzima kwa aibu. Usiku nalala kifudifudi, vipele vyeupe vimejaa kwenye mzizi wa kila rasta, mpaka nywele za pembeni zikaanza kukatika. Hizo zikivutwa miaka na miaka, shina linakufa na hazioti tena! Siku niliyosema, "Dada, hapa mbele nilegezee, halafu punguza rasta," alilegeza palepale. Siku hizi ananiuliza mwenyewe: "Hapo vipi, panauma?"

Mengine ni heshima ya kawaida tu. Mpigie kabla ya kwenda, hasa wiki ya Idi au Krismasi. Nenda umeosha na kuchana (vumbi la Dodoma mwezi wa nane unalijua), na mpatane bei kabla hajashika chanuo. Akiambiwa mara mbili na bado anakaza, tafuta mwingine, wala usijisikie vibaya.