Lekcha anasema konsepti yangu ni mapambo tu, nifanyeje?

SWALI: Shikamoo dada. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa mwisho wa usanifu wa ndani, nasoma Dar ila nyumbani ni Moshi na saivi niko likizo huku. Projekti yangu ni mgahawa wa kahawa, nimechagua jengo moja la zamani maeneo ya stesheni ya reli. Konsepti niliyopeleka inaitwa "Punje ya Kahawa", dari lina umbo la punje, kaunta ina umbo la punje, rangi ya kahawia kila sehemu, na ukutani picha kubwa ya Mlima Kilimanjaro. Lekcha kaangalia mudibodi yangu, ule ubao wa picha, rangi na vifaa, kasema haya ni mapambo, konsepti iko wapi? Nikatoa punje nikaweka mlima, jibu likawa lile lile. Wenzangu wameshaanza plani. Konsepti inapatikanaje hasa, na je nibadilishe topiki? Mwanafunzi, Moshi.

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na pole kwa presha. Topiki usibadilishe, ni nzuri sana, na jengo unalo, la kweli, unaweza kwenda kulipima kesho asubuhi. Kilichokukwamisha ni kwamba umeanza na umbo. Punje ni umbo, mlima ni umbo, na umbo halikwambii kaunta ikae wapi. Jiulize tu, kama konsepti ni punje, mlango wa jikoni uwe upande gani? Mzee mwenye fimbo atakaa wapi? Mwanga uingie kutoka wapi? Punje haijibu hata swali moja hapo. Konsepti ni ile sentensi ambayo paneli, wale walimu wanaokupima, wakikubana "kwanini ukuta huu uko hapa" unawarudishia hiyo hiyo na inatosha.

Na hiyo sentensi hutaipata Pinterest, utaipata kwa watu. Unatoka Moshi bana, una bahati ambayo mwenzako wa Dar hana. Panda Kibosho, Uru au Old Moshi, kaa na familia inayolima kahawa, angalia mikono yao inafanya nini: wanachuma tunda jekundu, wanamenya kwa mashine ya mkono, wanachachusha, wanaosha, wanaanika kwenye vichanja, alafu inapelekwa chama cha msingi. Ikitoka hapo inakobolewa, inaonjwa, inapangiwa daraja, inauzwa mnadani hapo hapo Moshi na nyingi inapanda meli. Sasa muulize mzee wa hiyo familia mara ya mwisho kunywa kahawa ya shamba lake ilikuwa lini. Wengi watakwambia sisi ni watu wa chai. Yaani mtu amelima toka ujana wake, amesomesha watoto kwa kahawa, ladha yake haijui, na siku akiambiwa safari hii daraja lako limeshuka hana cha kujibu kwasababu aliyeonja ni mtu mwingine kwenye chumba ambacho yeye hajawahi kukanyaga.

Mimi hiyo hali inaniuma, na nadhani na wewe itakuuma. Konsepti inazaliwa hapo hapo panapouma. Andika: "Mkulima aonje kahawa yake." Maneno manne tu. Sasa angalia yanavyoanza kukupangia jengo.

Waonjaji wana utaratibu wao, gramu 8.25 za kahawa iliyosagwa kwa mililita 150 za maji, maji yawe kwenye nyuzi 93 hivi, wanasubiri dakika 4, tabaka linaloelea juu wanalivunja kwa kijiko pua ikiwa karibu kabisa na kikombe maana harufu ya sekunde hiyo ndo yenyewe, kisha wanafyonza kwa kelele na kutema. Wanafanya wakiwa wamesimama, wanazunguka meza. Kumbe basi unahitaji meza inayozungukika pande zote, na kuizunguka acha angalau sentimita 120 ili watu wawili wapishane, na sehemu moja uache duara la sentimita 150 ili mwenye kiti cha magurudumu ageuke bila kuomba msaada. Unahitaji pa kutemea pasipomtia mtu kinyaa. Mzee hawezi kusimama muda wote, kwahiyo benchi la urefu wa kawaida, sentimita 45, liwe karibu kiasi cha yeye kusikia wanachoongea waonjaji, na upande mmoja wa meza uushushe hadi kama 75 ili aonje akiwa amekaa.

Harufu sasa. Kama mgahawa utauza chipsi, na Moshi utauza tu, mafuta yakifika kwenye ile meza kazi imeharibika, kwahiyo jiko linaenda mwisho kabisa wa jengo, upande ambao upepo unatoka nje, na kati yake na meza unaweka kitu kisicho na harufu kama stoo au ofisi. Hata vanishi na gundi za fenicha utazichagua kwa pua. Kuta zinazoizunguka meza hazitakuwa za rangi kali, mtu anatakiwa aone rangi ya kahawa yenyewe, kwahiyo ile kahawia uliyopaka kila mahali inaondoka, na safari hii unajua kwanini inaondoka.

Alafu mwanga. Uliweka picha ya mlima ukutani wakati mlima wenyewe uko kaskazini mwa mji, fungua dirisha! Na sio kwa uzuri tu. Moshi iko kama nyuzi 3 kusini mwa ikweta, jua linapanda karibu utosini, kwahiyo hata mwezi wa 6 linapokuwa upande wa kaskazini, saa sita mchana bado liko juu sana, nyuzi 63 hivi, kivuli kifupi juu ya dirisha kinalizuia. Dirisha la magharibi ndo tatizo, jua la saa kumi na moja jioni linaingia limelala na hakuna kibaraza kitakachokusaidia. Kwahiyo meza ya kuonjea inakaa kaskazini, inapata mwanga mtulivu karibu siku nzima, na anayeonja akiinua macho anauona mlima. Umeupata mlima wako bila kuuchora popote.

Sakafu nayo. Huyu mkulima anakuja na gambuti, wakati wa masika anakuja na tope, na ana gunia begani. Akifika mlangoni akakuta marumaru nyeupe inayong'aa ataishia nje, namjua, atasema "acha tu mwanangu nitasubiri hapa". Hapo konsepti yako imekufa mlangoni. Weka simenti iliyosuguliwa au terazo, weka bomba na sehemu ya kusafishia miguu kwenye kibaraza kwa wote, na mtalii atasafisha hapo hapo, weka pa kutua gunia kwa urefu wa kiuno ili asiinamishe mgongo. Hilo la gunia litazame kwa makini sana kwasababu kama utachora kitu kimoja kwa skeli kubwa, 1:5, basi chora hicho: mtu anatua gunia, mkono wake uko wapi, gunia linagusa nini, vumbi linaangukia wapi. Paneli wakiona mchoro wa namna hiyo wanajua umeenda kukaa na watu.

Kuhusu historia, wanafunzi wengi mnaandika kurasa nyingi za historia ya mji alafu hazigusi dizaini. Chukua inayobeba konsepti tu. Reli ilifika Moshi 1911 enzi za Mjerumani. Wakulima wenyeji wa Kilimanjaro waliunda chama chao 1925, na 1933 ikazaliwa KNCU, chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa Kilimanjaro, ili wauze kahawa yao wenyewe. Kwahiyo hoja yako ya mkulima na thamani ya kahawa yake ina miaka mia kwenye mji huo huo, aya moja inatosha. Jengo la KNCU lipo mjini na lina mgahawa, nenda ukanywe, kaa kona moja, angalia nani anaingia na nani anapita tu.

Mfano wa kusoma nakupa mmoja, msanifu majengo Francis Kéré wa Burkina Faso, aliyepata Pritzker, ile tuzo kubwa ya usanifu majengo, 2022. Kwenye maktaba aliyoibuni kijijini kwao Gando vyungu vya udongo vya kawaida vilikatwa vikapangwa kwenye dari kabla ya kumwaga zege, matokeo yake ni matundu ya mviringo yanayoingiza mwanga na kutoa hewa ya moto. Usichukue vyungu! Chukua namna alivyofikiri: joto na giza ni shida, kijijini vyungu vipo na watu wanajua kuvifinyanga, basi. Ukimtaja kwenye prezentesheni eleza hiyo njia, picha peke yake haitakusaidia.

Mudibodi iwe ya mwisho. Kwanza sentensi, kisha viduara vya penseli, nani yuko karibu na nani na nani anatakiwa akae mbali na nani, kisha modeli ya maboksi ya 1:50 uitazame jicho likiwa usawa wa meza, ndo uje kwenye vifaa. Na vifaa nenda vilipo. Mgrevilea ni ule mti wa kivuli wa kwenye mashamba ya kahawa, fundi seremala anaujua, muulize bei ya ubao na unavyopinda ukikauka. Kata vipande halisi vya gunia, mkonge, mbao na simenti uvibandike, paneli wavishike. Bei ziandike kwa penseli pembeni, nakuhakikishia wataziuliza.

SWALI: Dada habari za kazi. Niko Arusha, projekti yangu ni sehemu ya kusubiria kwenye kliniki ya mama na mtoto. Nataka itokane na utamaduni wa huku lakini nikichora nyumba ya msonge au shuka la Kimasai naambiwa imeshazoeleka. Nimekwama. Msomaji, Arusha.

JIBU: Nzuri kaka. Msonge sio kosa, ila unachukua sura yake ukaacha ilivyofanya kazi. Nyumba ya zamani ya Mchaga ilikuwa na giza, mlango mfupi, moto ndani na mifugo ndani, vyote kwa ajili ya kushika joto kwenye baridi la mlimani. Kama kliniki yako haina shida ya baridi, hilo umbo halina kazi.

Anza na foleni maana hapo ndo mama anateseka. Kaa kliniki yoyote asubuhi utaona, kadi zinapangwa mezani kwa mpangilio, kwahiyo zamu tayari ipo, lakini akina mama bado wanabanana kwenye mabenchi karibu na mlango, wengine wamesimama na mtoto mgongoni, kwasababu wanaogopa jina likiitwa wasisikie. Shida hapo ni hofu ya kurukwa, hata ukiongeza viti itabaki.

Sasa utamaduni. Wachaga na Wameru wana mifereji ya maji toka mlimani, Wachaga wanaiita mifongo, na maji yaligawiwa kwa zamu, kila nyumba ikijua zamu yake, kwahiyo hukuhitaji kulala shambani kuyalinda. Hiyo ndo konsepti kaka: "Zamu inajulikana." Kama zamu inaonekana kutoka kila kona, kwa namba kubwa ukutani au kwa sehemu inayosogea hatua kwa hatua kuanzia mzani, chanjo hadi dokta, basi watu wanaweza kutawanyika, mjamzito akakaa kwenye kiti chenye mikono cha sentimita 45 hadi 48 kinachomsaidia kuinuka, anayenyonyesha akapata kona yenye ukuta mgongoni, watoto wakubwa wakakaa chini kwenye mkeka. Na tafadhali uangalie ule mzani wa kuning'inia wa watoto, mama anamvua mtoto nguo akiwa amesimama, kanga begani, kadi mdomoni, hana pa kuweka kitu. Rafu ya urefu wa kiuno pembeni ya mzani na ndoano moja ya kanga, ukivichora vizuri hivyo viwili umeshawaambia paneli kila kitu kuhusu huyo mama.

SWALI: Laptopu yangu haifungui Lumion, ile programu ya kutengeneza picha za jengo, inazima kabisa, bado miezi michache niprezenti, nitafeli? Msomaji, Moshi.

JIBU: Hapana. Chora seksheni mbili ndefu kwa mkono, yaani jengo kama limekatwa unaona ndani, 1:20, zenye watu wanaofanya kazi ndani, vivuli vya saa tatu asubuhi kwenye moja na vya saa kumi jioni kwenye nyingine. Zipige picha kwenye mwanga wa nje usio na jua kali, zipangilie, basi. Kama chuo kinalazimisha renda, yaani hizo picha za kompyuta, omba kutumia kompyuta ya maabara na urende chumba kimoja tu, kile ambacho sentensi yako inatokea.