Muulize Anti: Mita moja, vyumba sita

Anti shikamoo. Mimi ni mpangaji huku Mbagala, nyumba yetu ina vyumba sita na mita ni moja, LUKU tunachangishana elfu tano tano. Kero yangu ni kaka wa chumba cha mwisho. Kila asubuhi anachemsha maji ya kuoga kwa hita, ndoo nzima, Dar hii hii ya joto, jumapili anapiga pasi nguo za wiki nzima mpaka mashuka, halafu mita ikianza kulia pii pii yeye hayupo, ukigonga mlango kimya wakati viatu viko nje na redio ilikuwa inaongea sasa hivi tu. Mimi nina feni, taa na kuchaji simu basi. Nilimwambia siku moja akanijibu eti mbona wenzako hawasemi. Anti nitakuja kupigana na mtu.
Nimechoka, Mbagala

Marahaba mwanangu. Hiyo ya viatu nje nimecheka peke yangu, mtu mzima na ndevu zake kajifungia anabana pumzi kisa elfu tano! Ila kabla hujapigana tupige hesabu, maana watu wanagombana kwa ajili ya LUKU na hata hawajui inaenda wapi. Uniti moja ni kitu cha wati 1,000 kikiwaka saa nzima. Kupasha ndoo ya lita 20, kwa maji ya Dar ambayo hata bombani hayatoki baridi, inakula kama nusu uniti. Sasa feni yako, tuseme ni ya wati 55, ukiiwasha saa tatu usiku ukaizima saa kumi na mbili asubuhi, nayo ni nusu uniti ile ile. Usininunie jamani, sijasema mko sawa, yeye ana pasi na pasi ni mlafi. Nakwambia tu ukianza kutaja vitu mbele za watu na feni yako itatajwa. Tena chunguza vizuri humo ndani, hakuna mwenye friji anayegandisha barafu za kuuza? Maana huyo huwa mpole, anasalimia kila mtu, hakuna anayemhisi.

Mi naona huyo kaka angekuwa anatoa hela yake mapema hata angechemsha pipa usingeniandikia. Kinachouma ni kujificha. Kwahiyo acheni kuchanga mita ikiwa inalia, changeni tarehe moja, mwenye pasi, hita au friji aongeze kiasi mtakachokubaliana, majina yabandikwe ukutani pale kwenye mita, nani katoa na nani bado. Aibu ya karatasi ni kali kuliko maneno yako. Mkishindwana mwombeni mwenye nyumba fundi awafungie mita ndogo za vyumbani, hazibadilishi LUKU yenu, zinaonyesha tu kila chumba kimekula uniti ngapi. Na mkikaa naye mkumbusheni kodi ya majengo, ile iliyoanza kukatwa kwenye LUKU 2021 kwa sh. 1,000 kwa mwezi, hilo deni ni lake sio lenu, mwambieni awakatie kwenye kodi ya chumba. Wapangaji wengi wanamlipia mtu nyumba kimya kimya.

Anti, mimi kinachoniudhi ni konda anayekupa noti moja na abiria usiyemjua eti mtagawana huko chini. Juzi yule mwenzangu kashuka na noti yangu.
Wa Tabata

Pole mdogo wangu, ila tuwe wakweli, ilizidi hapo nauli ilipopanda Desemba 2023. Zamani njia fupi ilikuwa 500, unatoa buku unarudishiwa jero moja mambo yameisha. Ilipokuwa 600 konda akawa anatakiwa awe na 400 ya kila mwenye buku, hizo sarafu za mia mbili anazitoa wapi asubuhi gari limejaa mpaka mlangoni? Simtetei, wengine wanajua kabisa utashuka umesahau. Mimi huwa natembea na sarafu zangu kwenye kijipochi, na nikikosa namwambia konda palepale anapopokea, kwa sauti gari zima lisikie, chenji yangu mia nne sitaki kugawana na mtu. Noti ya pamoja ikija ishike wewe. Anayeshika noti ndo anayesubiriwa.

Anti habari, kuna rafiki yangu WhatsApp anaandika "mambo", najibu "poa", anakaa kimya mpaka kesho, halafu tena "mambo". Ana shida gani huyu?
Fundi simu, Morogoro

Anataka kukukopa kaka, nguvu ya kusema hajaipata. Mimi ninaye wa kwangu, nikaacha kujisumbua, najibu "poa" naweka simu chini naenda kukuna nazi. Mwezi uliopita tumesalimiana hivyo siku nne, ya tano ndo akaandika "nilikuwa na shida ya elfu ishirini ila imeshaisha, asante kwa kuwa karibu".